UZI: Mtoto akivunja sheria, serikali hufanya nini? Safari ya zaidi ya miaka 100, kutoka Kabete hadi Nakuru

1/ Kuna mada hurudi kila msimu wa siasa hapa Nakuru: vijana wadogo na uhalifu. Mmoja anapanda jukwaani anasema wafungwe kama watu wazima. Mwingine anasema sheria ya 2022 ndiyo imewaharibu. Wa tatu anataka viboko virudi. Kabla hujapiga makofi, jua kwamba karibu kila kitu wanachosema kimeshajaribiwa nchi hii. Leo tunaangalia kilijaribiwa lini, na nani, na kwa nini. Kama kawaida yetu: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama.

2/ Tuanze kwa kukubali kwamba hofu ya watu ni ya kweli. Katikati ya 2022 wanawake kadhaa waliuawa kwenye nyumba zao upande wa Mawanga, Bahati, na jina la genge la Confirm likawa midomoni mwa kila mtu. Mama anayefunga duka mapema Kivumbini au Free Area kwa kuogopa visu hajajitungia hadithi. Ukimjibu tu "lakini hao ni watoto", umemdharau.

3/ Sasa angalia tarehe. Tarehe 6 Julai 2022, wakati mji bado uko kwenye taharuki, Sheria mpya ya Watoto ilitiwa saini. Iliinua umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Watu wakaunganisha hayo mawili na yakapikwa chungu kimoja. Lakini kubadilisha 8 kuwa 12 kunamgusa mtoto wa darasa la tatu au la tano. Hakumgusi kijana wa miaka 16 mwenye panga. Huyo anashtakiwa jana, leo na kesho. Shikeni hiyo tofauti, tutairudia.

4/ Turudi nyuma kabisa. Kabla ya ukoloni, jamii za Bonde la Ufa hazikuwa na jela, wacha jela ya watoto. Kwa Wakipsigis na majirani zao, kosa lilipelekwa kwa kokwet, baraza la wazee wa kijiji. Mtoto akiiba mbuzi, anayedaiwa ni baba na ukoo. Fidia inalipwa, mtoto anarudiwa nyumbani. Tusiipambe sana: mtu asiye na ukoo wa kumlipia alikuwa mashakani, na msichana hakusikizwa sana. Lakini swali la kwanza lilikuwa "nani atalipa hasara?" Swali la "tumfungie wapi?" lilikuja na wageni.

5/ Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Baada yake zikaja shamba kubwa za walowezi, na familia za Kiafrika zikaishi humo kama maskwota: unalima kipande chako kidogo, na wewe na watoto wako mnamfanyia bwana kazi. Watoto walichunga ng'ombe, wakachuma pareto, wakabeba maji. Mtoto aliyetoroka shamba akakimbilia mjini alikuwa amempunguzia mtu mikono ya kazi. Hapo ndipo mtoto wa Kiafrika alianza kuwa "shida ya serikali".

6/ Karibu na mwaka 1910 serikali ya kikoloni ikafungua Kabete, taasisi ya kwanza ya kurekebisha watoto wavulana nchini. Ilichukua wizi mdogo mdogo, uzururaji, na wavulana walioonekana hawana bwana wala mzazi mjini. Walifundishwa useremala, ukulima na nidhamu ya kengele. Ipo mpaka leo, imebadilishwa jina tu mara kadhaa.

7/ Mtoto alijulikanaje kuwa mtoto? Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na kuanza kutumika kweli karibu na 1920. Mwanamume wa Kiafrika wa miaka 16 kwenda juu alilazimika kubeba kipande. Lakini vyeti vya kuzaliwa havikuwepo. Kwa hivyo karani au polisi alikutazama urefu, kwapa na meno, akakisia. Akiamua wewe ni mkubwa, unalipa kodi na unafungwa na wakubwa. Umri ulikuwa jambo la kukadiriwa kwa macho. Hii nayo tutairudia.

8/ Na viboko? Viboko ndivyo vilikuwa adhabu ya kawaida ya mvulana mahakamani enzi hizo. Sababu haikuwa falsafa yoyote ya malezi. Kiboko ni bei rahisi. Hakihitaji jengo, chakula wala mwalimu. Mvulana anachapwa asubuhi, jioni yuko kazini shambani. Anayesema leo viboko "vilitulea vizuri" aulize kwanza vilikuwa vinamfaa nani.

9/ Mwaka 1934 ikaja sheria maalum ya watoto wahalifu, ikifuata ile iliyopita Uingereza 1933. Kwenye karatasi mtoto akawa mtu wa kulindwa. Muongo huo huo, kasisi mmoja wa Nyanza, Archdeacon Owen, alikuwa anaandika kwenye magazeti ya Uingereza akilalamikia watoto wadogo kufanyishwa kazi kwenye majani chai na migodi ya dhahabu. Kelele zikazidi mpaka 1938 kamati ikaundwa kuchunguza ajira ya watoto. Yaani mtoto yule yule alikuwa mdogo mbele ya hakimu na mkubwa mbele ya nyapara.

10/ Kisha hali ya hatari, Oktoba 1952. Maelfu ya maskwota Wakikuyu wakafukuzwa kutoka mashamba ya Bonde la Ufa: Njoro, Molo, Subukia, Naivasha. Familia zikatawanyika, baba kizuizini, mama kwenye kijiji chenye ulinzi. Watoto wakabaki mijini na njiani bila karatasi. Wakakamatwa. Wavulana wakajikuta Manyani pamoja na watu wazima.

11/ Mwaka 1955 serikali ikawatoa wavulana wengi Manyani ikawapeleka Wamumu, katika eneo ambalo leo ni Kirinyaga. Waliovaa sare, wakasoma, wakafundishwa ufundi, wakacheza mpira, na walipotoka uongozi uliwatafutia kazi. Wakoloni waliitangaza Wamumu kama muujiza. Tukumbuke lakini kwamba wengi wa hao walikuwa watoto waliozuiliwa bila kesi, na sehemu kubwa ya masomo ilikuwa kuwafanya watii serikali.

12/ Mmoja wa waliosimamia Wamumu, Geoffrey Griffin, ndiye baadaye alianzisha Starehe pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu mwaka 1959. Baada ya uhuru akawa mkurugenzi wa kwanza wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, iliyoanza 1964. Ukipita Gilgil ukaona makuruti wa NYS wakipiga gwaride, unaona mti ambao mzizi wake mmoja uko kwenye kambi ya watoto wa wakati wa Mau Mau. Kila mwanasiasa anaposema "wapelekwe NYS", anarudia wazo la miaka ya 1950.

13/ Na wazo hilo lina upande mzuri, tuwe wakweli. Wamumu ilielewa kitu ambacho wengi waliokuja baadaye walisahau: siku ya kutoka ndiyo muhimu. Kijana akitoka na ufundi, cheti na mahali pa kwenda, ana nafasi. Akitoka na nauli ya matatu tu, anarudi pale pale.

14/ Uhuru, 1963. Mngetarajia tuanze upya, sivyo? Tulirithi karibu kila kitu. Sheria ya Watoto na Vijana, Sura ya 141, iliwagawa kwa mafungu matatu: chini ya miaka 14, kati ya 14 na 16, kati ya 16 na 18. Hakimu aliruhusiwa kuamuru viboko. Mtoto aliyepotea, aliyetelekezwa na aliyeiba wote waliweza kuishia kwenye nyumba moja ya mahabusu na shule moja ya marekebisho.

15/ Mwaka huo huo tukapata Sheria ya Borstal. Borstal ni jina la kijiji cha Kent, Uingereza, ambako jaribio la jela ya vijana lilianza 1902. Kwetu inachukua kijana wa miaka 15 hadi chini ya 18, kwa muda usiozidi miaka mitatu. Tuna Shimo la Tewa, Mombasa. Tuna Shikusa, Kakamega. Ya wasichana, Kamae, ilikuja miaka mingi baadaye, karibu na Kamiti.

16/ Sasa linganisheni hizi tarehe, ndio sehemu ninayoipenda kwenye uzi huu.
Viboko vya mahakama: Uingereza iliviondoa 1948. Kenya 2003.
Umri wa kuwajibika: Uingereza ilitoka 8 ikaenda 10 mwaka 1963, mwaka ule ule tuliopata uhuru. Sisi tukabaki na 8 mpaka 2022. Miaka 59.
Borstal: Uingereza ilizifuta kwa sheria ya 1982. Sisi bado tunazo.

17/ Kwa hivyo mtu akisema sheria ya 2022 ni "mambo ya wazungu", mwambie pole pole kwamba ile 8 ndiyo ilikuwa ya wazungu, na hata wao walikuwa wameshaiacha. Na kwa ndani ya jirani: Uganda imekuwa na miaka 12 tangu sheria yake ya 1996. Tanzania bara iliweka 10 mwaka 2009. Kenya haikukimbia mbele ya mtu, ilikuwa nyuma.

18/ Turudi Nakuru. Huu mji ulijengwa na watu waliohamishwa. Mapigano ya kikabila ya 1991 hadi 1993, Molo na Olenguruone. Njoro na Laikipia, Januari 1998. Halafu Januari 2008, Nakuru mjini na Naivasha, ambapo watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja. Kila wimbi lilisukuma familia mjini, na kila mara kuna watoto waliofika stendi bila mtu mzima. Wengine walikua kwenye jaa la Gioto. Ukitaka historia ya chokoraa wa Nakuru, anza na historia ya ardhi na uchaguzi.

19/ Miaka ya 1990 mtoto wa mtaani hakuhitaji kuiba ndio akamatwe. Kulikuwa na Sheria ya Uzururaji, ambayo kosa lake kwa lugha rahisi lilikuwa kutokuwa na kwenu. Ilifutwa 1997. Mwaka huo huo shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wa mitaani Kenya: wanakamatwa kwa msako, wanalala selo na watu wazima, wanapigwa, wanafikishwa kortini bila wakili, wanapelekwa mahabusu ya watoto kwa wiki au miezi.

20/ Kenya ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990, miongoni mwa nchi za mwanzo. Sheria ya kuutekeleza ilichukua miaka 11. Sheria ya Watoto ya 2001 ilianza kazi tarehe 1 Machi 2002. Ilileta Mahakama za Watoto. Ilikataza mtoto kuhukumiwa kifo, jela au viboko. Kesi ya kawaida ya mtoto ikipita miezi mitatu tangu ajibu mashtaka bila kuisha, ifutwe.

21/ Ilibadilisha hata maneno. Hakimu haruhusiwi kusema mtoto "amepatikana na hatia" au "amehukumiwa". Shule za zamani zikaitwa shule za urekebishaji. Wengine hucheka hili, ati ni kupaka rangi. Mimi naona maneno yana kazi: cheti kikiandikwa "mfungwa wa zamani" hakuna fundi atakuchukua. Lakini ni kweli pia kwamba ukibadilisha bango la lango na usibadilishe kilicho ndani, umebadilisha bango.

22/ Na ndani kulibaki vipi? Chukua kijana wa miaka 16 wa Rhonda aliyepewa amri ya borstal. Nakuru ina nyumba ya mahabusu ya watoto, na ina hosteli ya wasichana walio chini ya probesheni. Kericho kuna shule ya urekebishaji. Lakini borstal hakuna Bonde la Ufa nzima. Kijana ataenda Kakamega, zaidi ya kilomita 200, au Mombasa, zaidi ya 600. Mamake anauza mboga. Atamtembelea mara ngapi kwa miaka mitatu?

23/ Hilo swali la nauli linaonekana dogo, lakini ndilo swali zima. Sheria inasema lengo ni kumrudisha mtoto kwa jamii. Mtoto ambaye hajaonana na wake kwa miaka mitatu anarudishwa kwa nani? Kokwet, pamoja na kasoro zake zote, ilikaa umbali wa kutembea kwa miguu.

24/ 2003 serikali ilianzisha mfuko wa kurekebisha familia za mitaani na kuwapeleka vijana wengi wa mitaani NYS. Wazo la Wamumu tena, safari hii bila waya wa seng'enge. Kuna waliotoka na ufundi, kuna waliorudi barabarani. Sensa ya kwanza ya familia za mitaani, 2018, ilihesabu watu 46,639 nchini. Nakuru walikuwa 2,005. Hiyo 2,005 si genge. Ni watu wanaotosha shule mbili tatu.

25/ Katiba ya 2010, Kifungu cha 53: mtoto asizuiliwe isipokuwa kama hatua ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na asichanganywe na watu wazima. Hii si sera ya chama chochote. Ni katiba iliyopitishwa kwa kura ya wananchi. Mgombea anayeahidi kuwafunga watoto na wakubwa anaahidi kitu ambacho hana uwezo wa kukifanya bila kubadilisha katiba.

26/ Lakini karatasi haizuii lori. Februari 2019 watu wa mitaani wa Nakuru, watoto wakiwemo, walikusanywa usiku, wakapakiwa kwenye lori na kutupwa kwenye msitu wa Chemususu, kaunti ya Baringo, kwenye baridi. Ilipotoka kwenye habari nchi ilishtuka. Hakuna hakimu aliyetoa amri hiyo. Hakuna kosa lililoandikwa kwenye OB. Sheria ya Uzururaji ilikuwa imefutwa miaka 22 kabla. Tabia yake ilikuwa bado hai.

27/ Kumbuka ile post ya 7, umri wa kukisia? Bado upo. Mtoto wa mtaani akikamatwa bila cheti cha kuzaliwa, anayeandika umri ni polisi. Akiandika 18, mtoto analala selo ya wakubwa na kuingia korti ya wakubwa. Korti inaweza kuagiza apimwe hospitali, na daktari ataangalia meno. Lakini ni lazima mtu afungue mdomo aseme "mheshimiwa, huyu ni mtoto". Bila wakili na bila mzazi, ni nani atasema?

28/ Mahakama nazo zimekuwa uwanja wa mageuzi. Kwa miaka mingi mtoto aliyepatikana ameua alizuiliwa "kwa ridhaa ya Rais", bila tarehe ya kutoka. Aliingia na miaka 16, angeweza kuzeekea humo. Mwaka 2017 Mahakama Kuu, Nairobi, ilisema hilo linakwenda kinyume na katiba: kipimo cha adhabu ni kazi ya jaji, si ya ofisi ya kisiasa. Ona kwamba korti haikusema muuaji mdogo aende nyumbani. Ilisema awe na muda unaojulikana.

29/ Eneo jingine lenye utata: mvulana na msichana wa rika moja. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 iliwekwa kwa sababu nzuri, kuwalinda watoto dhidi ya watu wazima. Lakini wote wawili wakiwa na miaka 16 na wamekubaliana, anayeshtakiwa huwa ni mvulana. Mwaka 2014 kesi ya namna hiyo ilifika Mahakama Kuu, Eldoret, na mvulana akashindwa. Mwaka 2017, Homa Bay, jaji mwingine aliona kumshtaki mvulana peke yake ni ubaguzi. Bunge ndilo lenye kazi ya kulimaliza hili, na kila mara linapoletwa, linaogopwa.

30/ Sasa sheria ya 2022 inasema nini hasa?
Chini ya miaka 12: hawajibiki kwa jinai.
Kuanzia 12 mpaka chini ya 14: inachukuliwa hana uwezo wa kutenda kosa, mpaka upande wa mashtaka uthibitishe alijua anachofanya.
Kuanzia 14: anashtakiwa, lakini kama mtoto.
Na imeupa mpango wa kumwepusha mtoto na korti nguvu kamili ya kisheria.

31/ Mpango huo ni hivi. Mtoto anakubali kosa mwenyewe, bila kulazimishwa. Mzazi anahusishwa. Halafu kuna masharti: kuomba msamaha, kurudisha alichochukua au kufidia, ushauri nasaha, kwenda shule bila kukosa, kazi ya jamii. Akitimiza, kesi inaisha na hana rekodi. Akikaidi, kesi inaweza kurudi. Ukiangalia vizuri, ni swali la kokwet limerudi kwenye kitabu cha sheria: nani atalipa hasara?

32/ Pingamizi la kwanza, na ni zito: "Wakubwa watatumia watoto wa miaka 11 kuiba na kubeba bangi." Ni kweli wanaweza. Lakini fikiria: ukimshtaki mtoto, huyo mkubwa anatafuta mwingine kesho. Anayemtuma ndiye wa kufungwa. Na mtoto wa miaka 11 hajaachwa tu. Afisa wa watoto anaweza kumpeleka kortini kama mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Tofauti ni kwamba haingii kama mshtakiwa.

33/ Pingamizi la pili: "Na mimi niliyeibiwa?" Hapa waungaji mkono wa mageuzi huwa kimya, na wanakosea. Tuna Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014, lakini wangapi Kaptembwo wanaijua? Kama kesi ya simu yako imemalizwa nje ya korti na wewe hukuitwa, hukuombwa radhi, hukurudishiwa kitu, utaona umedhulumiwa mara mbili. Na kijiji kikikata tamaa na sheria, kinachukua tairi na petroli. Mageuzi yakimsahau mwathiriwa, mtoto ndiye ataumia.

34/ Pingamizi la tatu: "Sheria nzuri, pesa hakuna." Hili sina jibu la kulipinga. Mpango wa kumwepusha mtoto unategemea afisa wa watoto, afisa wa probesheni, mshauri na mahali pa kwenda. Na hapa siasa ya ugatuzi inaingia. Polisi, korti, magereza, mahabusu na shule za urekebishaji ziko chini ya serikali kuu. Vituo vya kulea watoto na vyuo vya ufundi vya kijijini, kwa mujibu wa katiba, ni kazi ya kaunti. Mtoto mmoja, serikali mbili, na kila moja hutuonyesha nyingine kwa kidole.

35/ Nikiweka hii karne pamoja, naona jambo moja linajirudia. Kila kizazi kilitunga sheria mpya watu walipoogopa, na kila kizazi kilijenga mbali na nyumbani kwa mtoto. Tulibadilisha umri, majina na adhabu. Kitu ambacho hakikuguswa sana ni kile kinachotokea siku mbili: siku ya kwanza, saa za kwanza kituo cha polisi, na siku ya mwisho, lango likifunguliwa.

36/ Kwa hivyo mgombea akija mtaani kwenu na kipaza sauti, msimuulize kama anapenda watoto au anachukia uhalifu. Kila mtu atajibu vizuri. Muulizeni haya:

37/ a) Kituo chetu cha polisi kina mahali pa kuweka mtoto mbali na watu wazima leo usiku?
b) Kaunti ndogo yetu ina maafisa wangapi wa watoto, na wana gari?
c) Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, nani atahakikisha umri wake?
d) Aliyeibiwa ataitwa lini kwenye meza?
e) Kijana akitoka Shikusa au Shimo la Tewa, chuo kipi cha ufundi cha kaunti kitamchukua, na karo atalipa nani?
f) Kanjo wakikusanya watoto usiku, nani atawajibika?

38/ Akiwa na majibu matatu kati ya hayo sita, msikilizeni, hata kama si wa upande wenu. Akirudia tu viboko na jela, sasa mnajua anawauzia kitu cha 1910 kwa bei ya leo.

39/ Kama unafanya kazi na watoto hapa Nakuru, Naivasha, Molo au Kericho, uwe afisa, mwalimu, wakili au mzazi ambaye mwanawe amepitia huko, tuandikie hapo chini. Tafadhali msitaje majina ya watoto wala shule zao. Uzi ujao: ugatuzi na hospitali za kaunti, nani anamlipa nani.